Robo Moja, Salamu Maria Kumi: Kazi Yangu kwenye Lango la Maji

Ninyi mnaokuja Jumapili kupiga picha za arusi kwenye lango letu la maji, bibi arusi upande huu, pikipiki ya kukodi upande ule, na korongo nyuma kama wapambe ambao hakuna aliyewaalika, nawaomba jambo moja tu: msiliamini lile bango. Bango linasema kwamba mandhari hii ya kihistoria “ilihifadhiwa kwa juhudi za mamlaka mbalimbali”. Mamlaka hizo mbalimbali nilizihudumia zote, moja baada ya nyingine, na kuna wiki nilizihudumia mbili. Kila moja ilikuja na muhuri wake mpya. Hakuna hata moja iliyokuja na grisi.

Nimeacha kazi mapema, kwa sababu magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Baridi ya bondeni haimhurumii mwanamke anayesimama ndani ya maji tangu akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa nina muda wa kuandika, na kwa kuwa baadhi yenu mnasomea mambo ya maji katika vyuo vya Butembo na Beni, nitawaeleza yale ambayo mwalimu wenu hatayaandika ubaoni.

Mahali penyewe paliitwa ku Vanne, yaani langoni, basi. Nguzo mbili za mawe zilizojengwa zama za Wabelgiji, bamba la chuma katikati, parafujo ndefu ya kulipandisha na kulishusha, na mkono wa kuzungushia ambao tuliuita manivelle. Juu yake lilipita daraja la mbao lenye upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Upande wa juu kulikuwa na kinamasi chenye mafunjo na korongo wenye taji, na kukizunguka, mashamba ya akina mama. Upande wa chini mto uliendelea hadi kwenye kivuko, ambako watu walivuka kwa miguu maji yakiwa magotini. Ukilifunga lango kupita kiasi, mashamba yanazama. Ukiliacha wazi kupita kiasi, kinamasi kinakauka na mashamba hayohayo yanakufa kwa kiu. Kazi yetu nzima ilikuwa ni kukaa kati ya makosa hayo mawili.

Siku yangu ya kwanza nilifanya kosa langu. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na buti mpya, na nilikuwa nimejifunza hesabu ya maji yanayopita katika tundu. Nikazungusha manivelle mizunguko sita mfululizo, kama mtu anayesaga kahawa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Maji yalitoka kama nilivyoyakokotoa, yakashuka mtoni, yakachukua mihogo yote ambayo nusu ya kijiji walikuwa wameiloweka, pamoja na beseni mbili na kitenge cha mke wa mwalimu wa dini.

Mlinzi wa lango, Papa Muhindo, mzee aliyekuwa amelitunza tangu ujana wake, alisimama kando yangu akiutazama mhogo wa mwisho ukipinda kona.

“Madame,” aliniambia, “diplome yako inajua kuogelea? Itume ifuate ile mihogo ya batu.”

Wiki mbili zilizofuata hakuniruhusu kuigusa manivelle. Nilikuwa mkubwa wake wa kazi kwa mujibu wa barua ya uteuzi, nami niliosha parafujo kwa majivu na kuipaka mafuta ya mawese. Hilo likumbukeni: mawese mekundu, yachanganywe na masizi, yapakwe asubuhi chuma kikiwa bado baridi. Grisi ya dukani ni bora, lakini grisi ya dukani haikuwahi kufika.

Baadaye alinifundisha kufungua.

“Chuma haiko na haraka. Ni weye njo uko na haraka. Zungusha robo moja. Simama. Sali Salamu Maria kumi. Sikiliza. Kama maji inaimba, endelea. Kama inapiga kelele, rudisha kidogo. Kisha tena robo moja.”

“Na kama mutu ni Muprotestanti, Papa?”

Alifikiri kwa uadilifu.

“Asali kitu yake, mais ikuwe ya urefu moja.”

Msicheke. Nilikuja kuipima kwa saa. Salamu Maria kumi, zikisaliwa bila kukimbizwa, ni muda ambao wimbi dogo linahitaji kufika kivukoni na kutulia. Papa Muhindo hakuwahi kusoma hesabu ya maji. Rozari yake ndiyo iliyokuwa imeisoma.

Kisha vita ikaja, na ninyi mliozaliwa baada yake mnadhani vita ni milio tu. Vita ni ofisi pia. Waasi waliposhika mji walifanya kile ambacho kila mshindi hufanya: waliteua wakurugenzi. Idara yetu ya maji ikapewa jina jipya lenye maneno mengi, la mwisho likiwa “Utalii”. Tukapata mkuu wa idara, Chef Ilunga, mtumishi wa serikali aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine kabla ya vita na ambaye barabara ya kurudi kwao ilikuwa imefungwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti moja na viatu vyeusi alivyoving'arisha kila asubuhi, ingawa njia ya ofisini ilikuwa matope matupu. Mshahara haukuwepo. Viatu vilikuwa ndiyo serikali yote aliyobaki nayo.

Siku moja aliniita akaniketisha.

“Madame, barua imetoka Beni. Kila service ioneshe matokeo yake kwa mwezi. Service ya bure itafungwa, nyumba yake itapewa basoda. Sasa sisi, Tourisme. Batatuuliza: bageni bangapi? Tutajibu nini? Korongo?”

Nilijua maana ya nyumba kupewa askari. Milango ingekuwa kuni kwa juma moja, na bamba la lango lingeuzwa kama chuma. Papa Muhindo angefukuzwa kwenye kibanda chake. Mashamba ya akina mama yangebaki bila mtu wa kuyapimia maji. Hivyo nikafikiri haraka, na hilo ndilo kosa ambalo buti mpya na diploma humwandalia mtu.

“Chef, batu banapita kila siku ku daraja letu.”

“Batu gani?”

“Bale banakimbia.”

Aligeuka akatazama dirishani.

“Banaangaliaka maji?”

“Banaangalia sana. Banaogopa kuanguka.”

“Bon,” alisema Chef Ilunga polepole. “Mutu akiangalia maji, ni mugeni wa maji.”

Wazo lilikuwa langu, na wakati ule nilijivunia. Nilinunua daftari gumu, nikachora safu kwa rula: jina, atokako, idadi ya watu, kusudi la ziara, maoni. Nikaweka meza mwanzoni mwa daraja, na Utalii ukaanza.

Hamjapata kuona msimu kama ule. Wiki hii walikuja wa Kamango, wakikimbilia kusini. Wiki iliyofuata walikuja wa Alimbongo, wakikimbilia kaskazini. Kuna asubuhi makundi mawili yalikutana katikati ya daraja, kila moja likikimbilia mahali ambapo jingine lilikuwa limetoka, yakapeana habari, kisha kila moja likaendelea na safari yake kwa sababu mzigo ulikuwa tayari kichwani. Niliwaandika wote. Familia ya watu tisa, Kamango. Kusudi la ziara, matembezi. Vifaa, godoro, sufuria tatu na mbuzi. Maoni, “wamependezwa na utulivu”. Chef Ilunga alisaini kila ukurasa. Katika ripoti yake aliandika kwamba utalii wa ndani umechanua kuliko wakati wowote katika historia ya wilaya, na kwa hesabu ya vichwa alisema kweli.

Mama mmoja kutoka Beu aliweka chini mzigo wake mbele ya meza yangu.

“Muko naandika nini?”

“Ninaandika kama mulipita hapa.”

“Basi andika tulitoka saba. Sasa tuko sita.”

Nilitafuta safu. Nilikuwa nimechora tano kwa rula, tena kwa unadhifu, na hakuna iliyoweza kupokea neno hilo. Niliandika sita. Kusudi la ziara, matembezi. Nawaambieni hili kwa sababu mtapewa fomu nyingi maishani mwenu, na mtasifiwa kwa mwandiko.

Ripoti zilipanda kutoka mkono hadi mkono, kila mkono ukiongeza muhuri. Na kwa kuwa uongo uliopigwa muhuri hupata njaa, jibu likarudi. Kiongozi wetu aliyekaa Beni, ambaye sitamtaja kwa jina na ambaye tulimwita Excellence kwa sababu alitutaka hivyo, alikuwa amefurahi. Mahali panapovuta umati namna hii, aliandika, pastahili ziwa. Lango lifungwe lote. Maji yapande hadi jiwe la juu la nguzo. Yeye mwenyewe atakuja baada ya siku kumi kuzindua.

Tulifunga. Nilishusha bamba robo kwa robo, kwa utaratibu wote niliofundishwa, kana kwamba ukifanya jambo baya polepole linapungua ubaya. Papa Muhindo alikaa kwenye ngazi ya kibanda chake bila kunisaidia.

Siku ya tano Mama Kavira alikuja ofisini miguu ikiwa na matope hadi magotini. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaongoza wanawake wa mashamba ya bonde. Sauti yake ilisikika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila yeye kuipandisha. Mashamba yalikuwa yamejaa poireaux, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu ambayo bila hayo maharagwe ya Butembo hayana heshima. Zilibaki wiki tatu zivunwe. Nyumba nzima nzima zilikuwa zikizingojea.

“Madame Vanne, maji iko mu shingo ya poireaux yangu.”

“Ni amri, Mama Kavira. Banataka ziwa, juu ya bageni.”

“Bageni gani?”

Daftari lilikuwa mezani, na mtu asiyejua kusoma angeweza kulisoma usoni mwangu.

“Ndugu yangu wa Kamango eko mule?”

“Eko.”

“Na mbuzi yake?”

“Nayo iko.”

Alicheka, kicheko ambacho sikukipenda.

“Donc ule touriste wako analala mu jikoni yangu miezi mbili, yeye na bibi yake na batoto saba. Na anakula poireaux. Ile ile muko nazamisha juu yake.” Akageuka mlangoni. “Mustari moja ilishakufa. Kesho itakuwa mbili. Weye njo uliandika, weye njo utafuta.”

Niliingia kwa Chef Ilunga nikiwa nimejiandaa kukiri. Nilimwambia kwamba tuandike ukweli Beni: hawa si watalii, ni wakimbizi, ziwa halina wa kulitazama. Alinisikiliza hadi mwisho akifuta kiatu kwa leso.

“Madame, unaniona mujinga? Miye njo nilisigne. Na ule aliweka muhuri nyuma yangu anajua. Excellence naye anajua. Ni basoda bake njo banakimbiza bale batouriste. Batu bote banajua. Njo maana haiwezi kubadilika. Uongo ya mutu moja, tunasahihisha. Hii iko na mihuri tano.”

“Poireaux zitakufa, Chef.”

“Najua.” Alikiweka chini kiatu. “Bibi yangu naye ananunuaka kwa Mama Kavira.”

Hapo ndipo nilipojifunza somo la pili la kazi, ambalo si la maji. Katika utawala ule, amri haikupingwa kwa ukweli wala kwa hoja. Jambo lililofanywa na mkono wa mkubwa lingeweza kutenguliwa na mkono huohuo tu, na mikono hiyo ilikuwa na shughuli nyingi. Kama ningetaka lango lifunguliwe na libaki limefunguliwa, ilikuwa lazima alifungue Excellence mwenyewe.

“Chef,” nikasema, “ziwa lenyewe litaonekanaje? Atafika na viatu vyake, atasimama ku majani, ataona maji imelala. Ataona mafunjo. Atauliza: ni kwa ile njo nilitoka Beni?”

Chef Ilunga akaacha kufuta.

“Mais maji ikianguka,” nikaendelea, “tena yeye mwenyewe eko nazungusha chuma, maji inatoka chini ya mukono yake, kelele, povu...”

“Na photo?”

“Na photo.”

Programu ikapigwa chapa upya mchana uleule.

Siku ya sherehe mistari mitatu ya Mama Kavira ilikuwa imekwisha kuzama, na wa nne ulikuwa ukionyesha ncha za majani tu. Daraja lilipambwa kwa matawi ya mitende na maua ya manjano, na askari wawili wakawekwa kila upande ili mtu yeyote asiyaharibu mapambo. Kwa hiyo wakimbizi wa siku hiyo, ambao kwa mujibu wa vitabu vyetu walikuwa ndio sababu ya sherehe, walizuiwa kupita. Askari aliwaelekeza kwa upole wakavukie chini, kivukoni. Jambo hili sikuliona. Nilikuwa nikihesabu viti.

Excellence alifika na magari matatu. Alihutubia. Alisema kwamba amani ndiyo kivutio cha kwanza cha utalii. Mlio ukasikika mbali upande wa kaskazini, naye mshereheshaji akautangaza kuwa ni ngurumo, ingawa mbingu ilikuwa safi kama sahani. Tulipiga makofi, kisha akapanda jukwaa la lango, akavua saa, akampa mlinzi wake, akashika manivelle kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimemweleza: robo moja, halafu tungoje. Alizungusha mizunguko miwili kwa pumzi moja.

Chuma kilipiga yowe. Maji ya siku kumi yaliruka chini ya bamba kama ng'ombe aliyekatiwa kamba, na umati ukashangilia. Nami, kwa mazoea tu, nikatazama chini kivukoni, kama nilivyofundishwa kufanya kabla ya robo na baada ya robo. Kulikuwa na watu ndani ya mto. Safu nzima, wanawake wenye mizigo kichwani, mzee amebebwa mgongoni, wengine wamekwisha kufika katikati. Kando ya maji Papa Muhindo, ambaye hakuruhusiwa kuhudhuria kwa sababu ya nguo zake, alikuwa akipunga kofia kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeupanga mpango wangu wote kwa ajili ya poireaux. Watu sikuwa nimewaweka humo.

Excellence alikuwa akiupata mzunguko wa tatu. Niliweka mkono wangu juu ya mkono wake.

Mlinzi wake aliinua bunduki.

“Mama! Nini?”

“Excellence,” nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, “photo! Photographe hakupata uso yenu.”

Mpiga picha, Kasereka wa Butembo, alikuwa amefika na picha tatu tu katika mkanda wake, na mbili alikwisha kuzitumia kwenye hotuba. Alinitazama. Akatazama mto. Mungu ambariki mtu yule popote alipo.

“Ni kweli, Excellence,” akasema. “Mukono inaficha kidevu. Murudishe kidogo huku... tena... tena kidogo... hapo! Msitikisike.”

Manivelle ikarudi mzunguko mmoja na nusu. Bamba likashuka. Maji yakapungua hasira. Excellence akatabasamu, kidevu juu, akasimama kama sanamu, nami nikaanza: Salamu Maria, umejaa neema.

“Unasema nini?” aliuliza bila kusogeza midomo.

“Ninawaombea, Excellence.”

“Endelea.”

Niliendelea. Kumi. Kule chini safu ilikuwa imeshikana mikono. Maji yaliwafika kiunoni, kisha yakashuka kidogo. Mzee akapandishwa ukingoni. Godoro moja lilikwenda na mto, taratibu, likizunguka.

“Sasa robo moja tu,” akasema Kasereka, ambaye alikuwa hajawahi kuliendesha lango maishani mwake, “tupate ya pili. Na povu kidogo.”

Robo. Kidevu. Salamu Maria kumi. Robo nyingine, ubavuni. Nyingine, akitazama upeo wa macho. Picha kumi na moja zilipigwa pale langoni, na kumi kati ya hizo zilikuwa kidole tu juu ya kamera tupu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona lango lililofunguliwa kwa ustadi kama ule, mwenye kulifungua akiwa hajui kwamba anafanya kazi. Mtu wa mwisho alipokanyaga ukingo, mama mwenye mtoto mgongoni na kitenge kikichuruzika, alitutazama kule juu na mitende yetu, akamuuliza Papa Muhindo jambo. Baadaye nilimwuliza mzee alikuwa ametaka kujua nini.

“Aliuliza kama ni arusi.”

“Ukajibu nini?”

“Nilisema ni bureau.”

Excellence aliondoka ameridhika. Kesho yake Chef Ilunga alisimama mbele ya lango lililo wazi, mikono nyuma. Amri ya ziwa ilikuwa bado ina nguvu. Lakini ni nani angethubutu kufunga kile ambacho Excellence alikifungua kwa mikono yake, mbele ya makofi? Aliandika barua kwenda Beni kuomba maelekezo. Barua hiyo ilipofika, Excellence alikuwa amehamia chama kingine, na chama kingine kilikuwa na mihuri mingine, na mihuri mingine haikuwa imesikia habari za ziwa. Kiangazi kilipoanza nikashusha bamba kidogo kidogo bila kumwomba mtu ruhusa, maana hakuna aliyejua kwamba ruhusa inahitajika.

Lakini hilo lilikuwa mbele. Siku nne baada ya sherehe maji yalikuwa yametoka mashambani, na Mama Kavira alinituma mtu. Hakuniita ofisini kwangu. Aliniita shambani kwake. Nilikwenda nikitarajia shukrani, kwa kuwa binadamu ni kiumbe wa ajabu. Poireaux za juu zilikuwa zimesimama, nyeusi kwa matope lakini hai. Za mistari mitatu ya chini zilikuwa zimelala na kunuka.

“Ile ya juu tutavuna,” alisema. “Ile tatu ni yako.”

Akanipa jembe.

Niling'oa zilizooza kwa mikono. Nilichimba, nikainua tuta, nikapanda miche aliyonipimia mwenyewe, nikiinama tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Wanawake wa mashamba ya jirani waliacha kazi zao kwa zamu kuja kutazama mhandisi akipanda.

“Mustari yako inapinda,” aliniambia Mama Kavira. “Mu registre yako ilikuwa sawasawa sana.”

“Kule nilikuwa na rula.”

“Huku uko na macho.”

Walicheka, nami nikacheka, nikang'oa mstari wote nikaanza upya.

Tulikuwa kwenye wa pili pale Chef Ilunga alipotokea ukingoni na koti lake, kalamu mkononi, daftari kwapani. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Alitukuta mimi na ndugu yake Mama Kavira wa Kamango, yule wa mbuzi, tumeinama bega kwa bega.

“Madame, kwa leo niandike bageni bangapi?”

Mama Kavira ndiye aliyenyoosha mgongo.

“Leo batouriste hapana, Chef. Leo kuko kazi tu. Na jembe ingine iko pale ku mafunjo.”

Chef Ilunga alitazama jembe. Kisha akavitazama viatu vyake, kwa muda mrefu sana, akainama, akaanza kufungua kamba.